Kinga cha Moto na Mchochezi: Maana, Asili na Visawe vya Neno "Firebrand"

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kulichambua neno moja la Kiingereza, nalo ni "firebrand", na kulilinganisha na maneno ya Kiswahili ambayo kwa kawaida hutolewa kuwa visawe vyake. Neno hili hutaja kitu kiwakacho moto, na pia hutaja mtu. Mwanafunzi alitafutapo katika kamusi za lugha mbili, au amwulizapo mwalimu wake, aghalabu hujibiwa kwa orodha: kinga, kijinga, mwenge, mchochezi, mfitini. Maneno hayo hupangwa sako kwa bako, yakitengwa kwa alama za mkato tu, kana kwamba mtumiaji ana ruhusa ya kuchukua lolote alipendalo.

Hoja yetu ni kwamba maneno hayo hayabadilishani nafasi. Kiingereza humfananisha mtu wa ghasia na ukuni wenyewe uwakao. Kiswahili hakifanyi hivyo. Kiswahili humfananisha na mtu akaaye kando ya jiko na kuusukuma ukuni ndani ili moto uzidi. Tofauti hii yaweza kudhaniwa kuwa ndogo, lakini inapopuuzwa na mfasiri wa habari au wa maandishi ya sheria, mtu asiye na kosa huweza kupewa jina la kosa.

Mifano yetu kadhaa imetokana na Bahati, upande wa mashariki wa mji wa Nakuru, chini ya mteremko na msitu uitwao kwa jina hilo hilo. Eneo hili linafaa uchunguzi wa namna hii kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili huko hukutana kila siku na Kigikuyu, Kikalenjin, Kijaluo, lugha za Kiluhya na nyinginezo, hata jina la mahali penyewe ni la Kiswahili, lililotufikia kupitia Kiarabu kutoka Kiajemi. Pili, katika sehemu hizi za Bonde la Ufa moto umekuwa na historia nzito, kama tutakavyoona.

2. Asili ya neno la Kiingereza

Neno "firebrand" limeundwa kwa maneno mawili. La kwanza lina maana ya moto. La pili, "brand", katika Kiingereza cha Kale lilikuwa na maana ya moto, mwako, au kipande cha mti kinachowaka. Na katika ushairi lilitumika pia kwa maana ya upanga, pengine kwa sababu ya mng'aro wake. Lina udugu na kitenzi "burn", yaani kuwaka au kuunguza. Jamaa zake wamo katika lugha nyingine za Kijerumani: kinywaji kiitwacho brandi kilipata jina lake kutoka maneno ya Kiholanzi yenye maana ya mvinyo uliochomwa, yaani uliokenekwa kwa moto.

Kutoka kipande cha mti kinachowaka, "brand" ilipata maana ya alama iliyopigwa kwa chuma cha moto juu ya ngozi ya mnyama au ya mhalifu. Na baadaye ikawa alama ya bidhaa ya mfanyabiashara. Kiswahili hakikuifuata njia hiyo. Alama juu ya ng'ombe au juu ya bidhaa huitwa chapa, neno lenye asili ya Kihindi ambalo maana yake inahusu kugandamiza na kuacha alama, wala si kuwaka. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiingereza ana uzi mmoja unaounganisha jiko, zizi na duka, na mzungumzaji wa Kiswahili hana haja ya uzi huo.

Neno kamili "firebrand" lilikwisha kutumika katika karne ya 13 kwa maana ya ukuni uwakao. Matumizi yake kwa mtu anayewasha fitina na ghasia nayo ni ya zamani, kwani yalikwisha kuzoeleka kabla ya karne ya 16. Siku hizi maana ya pili ndiyo inayotawala. Waingereza wengi hulitumia neno hili kwa wanasiasa na wahubiri bila kukumbuka kuni hata kidogo.

3. Kinga na kijinga

Kisawe cha karibu kabisa kwa kitu chenyewe ni kinga, wingi wake vinga. Umbo jingine ni kijinga, wingi vijinga. Aghalabu hufuatwa na maneno "cha moto". Kinga ni kipande cha ukuni ambacho ncha yake imekwisha kushika moto na ncha ya pili bado ni mti, kwa hiyo kinashikika. Ni kitu kilichotoka jikoni. Hakuna anayekaa chini akatengeneza kinga, bali hukiona katika moto na kukichomoa. Kazi yake kubwa ya kale ilikuwa kuhamisha moto kutoka nyumba moja hadi nyingine, zama ambazo viberiti havikuwa vimeenea.

Hapa yafaa tuzingatie sarufi. Neno kinga lina wenzi wawili wa sauti moja. Kuna kinga ya ngeli ya I-ZI, itokanayo na kitenzi kukinga, yenye maana ya hifadhi. Na kuna kinga cha ngeli ya KI-VI, ambacho ndicho tukizungumziacho. Tunasema "kinga hii ya maradhi", lakini "kinga hiki cha moto". Upatanisho wa kisarufi ndio unaotutenganishia maana. Kamusi isiyoonyesha ngeli kwa uwazi humnyima msomaji msaada pekee alio nao.

Jambo hili lina uzito zaidi leo kuliko zamani. Tangu miaka ya 1980, ugonjwa wa UKIMWI ulipoingia, ambao hata jina lake limebeba neno kinga ndani yake, na tena tangu mwaka 2020 wakati wa ugonjwa wa korona, kinga ya ngeli ya I-ZI imesikika kila mahali: redioni, zahanati na shuleni. Kinga cha moto kimefunikwa. Kijinga nacho kina mkosi wake, kwa sababu hufanana na kielezi "kijinga", yaani kwa namna ya mjinga. Mwanafunzi wa Bahati asikiapo kwamba fulani alibeba kijinga, hucheka kwanza, kisha huuliza kilibebwa nini.

Lakini mwanafunzi huyo, ikiwa nyumbani kwao husemwa Kigikuyu, tayari analijua jambo lenyewe. Kigikuyu huita kitu hicho "gĩcinga". Umbo hili lina kiambishi awali kĩ- ambacho kimegeuka kuwa gĩ- kwa sababu silabi inayofuata inaanza na konsonanti isiyo ghuna, badiliko ambalo wataalamu wa lugha za Kibantu huliita Kanuni ya Dahl. Ukilinganisha "gĩcinga" na "kijinga" utaona jinsi yanavyofanana kwa umbo na kwa maana. Mwalimu anayeanzia hapo hahitaji picha wala maelezo marefu.

Kinga kimehifadhiwa pia katika methali: Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Methali hii inatufungulia mlango wa hoja yetu. Katika jiko la mafiga, kinga kimoja kikiachwa peke yake hufifia na kuzimika, lakini vinga viwili vikikaribiana hupashana joto na moto hudumu. Kwa hiyo katika fikra za Waswahili kinga ni mfano wa ushirikiano. Ni kinyume kabisa cha "firebrand" wa Kiingereza, ambaye ni mtu mmoja anayeingia mahali penye utulivu na kupawasha.

Kuna matumizi mengine ya kinga ambayo hayafai kusahauliwa. Katika Qurani mnatajwa miale ya moto inayowafukuza mashetani wanaojaribu kusikiliza habari za mbinguni kwa wizi. Mahali hapo Ali Muhsin Al-Barwani, katika tafsiri yake ya Kiswahili, ametumia neno kijinga cha moto. Kwa njia hiyo kijinga kimekaribiana na kimondo, ile nyota ionekanayo kuanguka usiku. Hata hivyo tofauti ipo: kimondo ni jina la kitu cha angani, na kijinga ni jina la kitu cha jikoni kilichoazimwa ili kutupa picha ya kitu cha angani.

4. Mwenge

Mwenge, wingi mienge, mara nyingi huwekwa pamoja na kinga, lakini sifa zake ni nyingine. Katika vyuo vya ng'ambo ambako baadhi yetu tulisomea isimu, tulifunzwa kuchanganua maana ya neno kwa kuivunja katika vijenzi vyake. Njia hiyo inatufaa hapa. Tuulize maswali matatu: Je, kitu kimetengenezwa kwa makusudi? Je, kazi yake ni kumulika au kuwasha? Je, kinashikwa na mtu akitembea au kinakaa motoni?

Mwenge umetengenezwa kwa makusudi: ni nyasi, makuti makavu au vijiti vilivyofungwa pamoja. Kazi yake ni kumulika. Hushikwa juu na mtu anayekwenda. Kinga hakikutengenezwa, kazi yake ni kuwasha, na makao yake ni motoni. Vitu hivi viwili vinashirikiana sifa moja tu, nayo ni kuwaka.

Kigikuyu nacho hutenganisha vivyo hivyo. Kando ya "gĩcinga" kipo "kĩmũrĩ", yaani mwenge. Neno hili linatukumbusha kitenzi cha Kigikuyu "mũrĩka", ambacho ni sawa na kumulika kwa Kiswahili, pamoja na jina la mdudu kimulimuli. Huko Uganda, Kiganda kina "omumuli" kwa maana hiyo hiyo ya mwenge. Kwa hiyo tofauti kati ya kitu cha kuwashia na kitu cha kumulikia si ya Kiswahili peke yake, bali ni ya jamaa pana ya lugha za Kibantu.

Ushahidi mzuri wa tofauti hii umo katika Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotolewa mwaka 1952. Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, ya mwaka 1611, inatumia "firebrand" katika kisa cha Samsoni na mbweha, Waamuzi sura ya 15, na pia katika Isaya sura ya 7 na Amosi sura ya 4. Wafasiri wa Kiswahili hawakuridhika na neno moja. Kwa Samsoni walitumia neno lenye mzizi -enge, lakini kwa Isaya na Amosi walitumia kinga na vinga. Ukiangalia Kiebrania utaona sababu: kwa Samsoni pana neno "lappid", yaani mwenge, na kwa manabii hao wawili pana neno "ud", yaani kipande cha mti kilichoungua. Neno "lappid" ndilo pia lililotumika kwa mienge ya Gideoni katika Waamuzi sura ya 7, ambako wafasiri wa Mfalme James waliligeuza kuwa taa. Hivyo Kiingereza kiliunganisha kilichotengwa na kutenga kilichounganishwa, na Kiswahili kikayarudisha maneno mahali pake. Hili ni jibu tosha kwa wale wasemao kwamba msamiati wa Kiswahili ni mchache usiotosha kufasiri kwa usahihi.

Mwenge umepata pia maana ya kitaifa. Mwaka 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, Julius Nyerere alisema kwa Kiingereza kwamba watu wake wangependa kuwasha mshumaa na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro ili umulike hata nje ya mipaka. Neno alilotumia lilikuwa la mshumaa, lakini katika Kiswahili jambo hilo limejulikana kwa jina la mwenge. Mwenge wa Uhuru ukafikishwa kileleni Desemba 1961, na picha ya mwenge uwakao ikawa sehemu ya ngao ya taifa. Hakuna aliyefikiria kusema Kinga cha Uhuru, na sasa tunaona kwa nini: taifa lilitaka kumulika, wala halikutaka kuunguza.

5. Kutoka kitu hadi mtu

Tuje sasa kwa mtu. Kiswahili humwitaje yule ambaye Mwingereza humwita "firebrand"? Neno la kwanza ni mchochezi, kutoka kitenzi kuchochea. Maana ya msingi ya kuchochea ni kusukuma kuni ndani ya moto, kuzisogeza na kuzichezesha ili moto uzidi. Mchochezi basi si ukuni. Ni mtu mwenye nia na mkono. Vinga ni wale anaowasukuma, wao ndio waunguao, naye hubaki kando akiota moto.

Maneno mengine yanaelekea upande huo huo. Mchokozi linahusiana na kuchokoa, yaani kuingiza kitu chenye ncha na kuchokonoa. Kumpalia mtu makaa ni kumtia taabuni kwa maneno yako. Hata mfitini, ambalo ni la asili ya Kiarabu, lina moto katika mzizi wake: kitenzi cha Kiarabu "fatana" kilihusu kuyeyusha dhahabu na fedha kwa moto ili kuzijaribu, na kutoka hapo zikaja maana za jaribio na mfarakano. Katika maneno haya yote yupo mtendaji, na yupo mwingine anayetendwa.

Ajabu ni kwamba mzizi wa kuchochea una mtoto mwenye sifa njema. Kichocheo ni kitu kiletacho maendeleo: tunasikia juu ya vichocheo vya uchumi, vya kujifunza, na katika kemia vya kuharakisha mabadiliko. Kwa hiyo kichocheo husifiwa na mchochezi hulaaniwa. Kuchochea kwenyewe si kubaya, na hapana chakula kiivacho bila kuchochea. Ubaya hutegemea nini kilichomo jikoni.

6. Hatari ya tafsiri isiyopimwa

Magazeti ya Kiingereza nchini Kenya hupenda kumwita mwanasiasa "firebrand". Sifa hiyo haina lawama kamili. Humaanisha mtu mwenye ulimi mkali, asiyeogopa wakubwa, na mara nyingi msomaji huipokea kama nusu ya heshima. Mfasiri mwenye haraka akiandika "mchochezi", amevuka mpaka. Uchochezi ni jina la kosa. Kifungu cha 96 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinahusu kuchochea vurugu na uasi wa sheria, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza matamshi ya chuki. Mtu aliyesifiwa katika ukurasa wa Kiingereza anakuwa mshtakiwa katika ukurasa wa Kiswahili, na hajafikishwa mbele ya hakimu yeyote.

Historia yetu inatuonya pia kwa upande wa pili. Katika miaka ya 1980 Wakenya kadhaa walifungwa kwa ajili ya maandishi yaliyoitwa ya uchochezi, ambayo mengi yalidai uhuru wa kisiasa. Vifungu vya sheria vilivyohusu kosa hilo la kuichukiza serikali viliondolewa mwaka 1997. Basi neno mchochezi limewahi kuwa silaha mikononi mwa mwenye nguvu, na mwanafunzi wa lugha hana budi kulijua hilo kabla ya kulitumia.

Lakini haifai kwa sababu hiyo kulidhoofisha neno. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 walikufa nchini, na mwishoni mwa Januari 2008 Nakuru na Naivasha ziliona mauaji na nyumba zikiteketea. Katika Bonde la Ufa neno "madoadoa", ambalo kwa asili halina ubaya wowote, liligeuzwa kuwa jina la majirani waliotakiwa waondoke. Mwaka 2022 Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ililitaja miongoni mwa maneno ya kuchunguzwa. Waliosema maneno kama hayo wakijua matokeo yake walikuwa wachochezi kwa maana kamili: waliwasukuma wengine motoni. Kuwaita kwa jina la upole, kama "wanasiasa machachari", ni kuwaficha.

Kwa hiyo mfasiri anahitaji kupima. Ikiwa "firebrand" ni mtu mwenye bidii ya kupita kiasi kwa chama au itikadi, lipo neno mkereketwa. Ikiwa ni msemaji mkali asiyetulia, lipo machachari. Ikiwa ni mpigania haki, lipo mwanaharakati. Ikiwa ni mtu wa kuogopwa kwa uwezo wake, upo msemo moto wa kuotea mbali, ambao ndio pekee unaomgeuza mtu kuwa moto kama kifanyavyo Kiingereza. Mchochezi na abaki kwa yule anayewasukuma wengine kutenda madhara.

7. Hitimisho na mapendekezo

Tumeona kwamba neno moja la Kiingereza linagawanyika katika Kiswahili kwa namna mbili. Kitu chenyewe kinagawanyika kati ya kinga, ambacho hutoka motoni na kuwasha, na mwenge, ambao hufungwa kwa makusudi na kumulika. Mtu naye hatokani na kitu hicho hata kidogo, bali anatokana na tendo la kuchochea. Anayeandika "kinga" kwa maana ya mtu wa ghasia anakwenda kinyume cha methali iliyokwisha kukifanya kinga kuwa mfano wa umoja.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kamusi zitenganishe vidahizo vya kinga kwa kuonyesha ngeli na mfano wa sentensi, na ziache kupanga mwenge na mchochezi katika mstari mmoja kana kwamba ni kitu kimoja. Pili, wafasiri wa habari wafunzwe kwamba mchochezi ni neno la sheria kama lilivyo mwizi, na kwamba halifai kuandikwa pasipo ushahidi. Tatu, walimu wa Kiswahili katika sehemu kama Bahati waanze na maneno ambayo watoto wanayajua. "Gĩcinga" na "kĩmũrĩ" vimo vinywani mwa wazee wa Dundori na Kabatini, na mtoto aliyevisikia kwao atapokea kinga na mwenge bila taabu. Pale ambapo nyumbani husemwa lugha isiyo ya Kibantu, mwalimu na amwulize mtoto: kwenu ukuni uliochomolewa motoni unaitwaje, na kile cha kumulikia njia kinaitwaje? Majibu yakikusanywa na kuandikwa, darasa litakuwa limeanza kazi ambayo sisi wa vyuoni tumechelewa kuifanya.